Mlio wa Pili

Mtunzi alirudisha picha nyuma kwa mara ya sita.

Kwenye kioo cha kompyuta, gari chakavu lilikuwa likimiminiwa risasi ndani ya ghala. Vioo vilimwagika. Matairi yalipasuka. Ilikuwa filamu ya mapambano, na kazi yake ilikuwa kuitia muziki: ngoma nzito, fidla za kukata pumzi, mtazamaji asipate nafasi ya kukohoa.

Lakini muziki alikuwa ameuzima.

Alibana masikioni vipokea sauti vya Sennheiser, akabakiza sauti mbichi tu, ile iliyonaswa siku ya kupiga picha.

Ta! Du.

Ta! Du.

Milio miwili kwa kila risasi.

Bunduki ya filamu hutiwa baruti tupu. Hupiga kelele mara moja, basi. Risasi ya kweli hupasua hewa mbele ya kinasa sauti, halafu ndipo mlio wa mtutu unapofika. Mtunzi hakuyajua hayo kwa kusoma. Alikuwa na kovu ubavuni, na aliyempa kovu hilo alizikwa siku ileile.

"Wapumbavu wakubwa nyie," alinong'ona.

Mpango wenyewe ulikuwa wa kuvulia kofia. Watengeneza filamu karibu wote hutupa milio ya bunduki ya siku ya kupiga picha, wakabandika mingine mizuri zaidi baadaye. Kwa hiyo hakuna aliyehangaika kuificha. Kibali cha kupiga picha kilikuwepo. Majirani walikwisha kuambiwa wasishtuke. Wiki tatu nzima, mchana kweupe, bunduki za kweli zilikuwa zikijaribiwa mbele ya wanunuzi, mamluki waliotaka kuiangusha serikali, na mji mzima ulikuwa ukiuliza filamu itatoka lini.

Simu ikatikisika mezani. Ujumbe wa neno moja.

"Umesikia?"

Ulitoka kwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, fundi sauti wa filamu hiyo. Ndiye aliyemtumia sauti ile usiku wa jana bila kuombwa. Mtunzi alimpigia papo hapo. Simu ilikuwa imezimwa.

Ni yeye aliyemtafutia kijana yule kazi. Idara ya usalama, aliyoitumikia kwa siri, ilitaka masikio ndani ya kundi lile la filamu, naye akampeleka shemeji yake mwenyewe, akamwambia ni riziki tu. Hakumwambia kitu kingine chochote.

Simu ya pili ikalia, ile ndogo isiyo na jina juu yake.

"Mwanangu." Ilikuwa sauti ya mama mtu mzima, mpole, kama anaulizia bei ya nyanya. Ofisini walimwita Shangazi, na wanaume wenye bastola walisimama wima akipita. "Mgonjwa anasafiri leo saa tano."

Yaani shehena ya bunduki inaondoka.

"Nimepata majibu ya vipimo, Shangazi. Ugonjwa ni huohuo."

"Vizuri. Madaktari watakuwa getini saa tano kamili. Tunamtaka mgonjwa na jamaa zake wote. Usitangulie."

Akakata.

Saa ya ukutani ilisema saa tatu na dakika hamsini. Haikumaliza dakika nyingine kabla simu ya kwanza haijaita. Namba ilikuwa ya shemeji. Sauti ilikuwa ya Mtayarishaji, mwenye filamu yake.

"Msanii wangu! Shemeji yako ana kiherehere sana. Amekutumia kitu kisichokuhusu."

"Kitu gani, bosi? Mimi natengeneza muziki tu."

Nyuma ya Mtayarishaji mtu alipiga ukelele, kisha ukakatizwa kama uliozibwa kwa kiganja.

"Niletee diski yako ghalani saa nne na nusu. Ukija na mtu, nitakurudishia shemeji kwa mafungu." Akavuta pumzi. "Na uje na muziki wa mwisho. Nimeungoja wiki mbili sasa, unanifanyia uungwana gani?"

*

Toyota ilikula kona kwa magurudumu mawili.

Masikioni Mtunzi alikuwa amevaa vile visikilizio vidogo vya wanamuziki, vilivyofinyangwa kwa umbo la sikio lake. Kwa nje ni zana ya kazi. Kwa ndani alikuwemo Shangazi, aliyemwita kwa jina lake la kazi.

"Sikio, gari lako linakwenda wapi?"

"Kwa shemeji."

"Nilisema saa tano."

"Wao wamemteka, na wamesema saa nne na nusu."

"Kijana huyo si wa idara."

"Ni wa idara, Shangazi. Ila hakuna aliyemwambia."

Mtunzi akaongeza mwendo.

Kiwanda cha nyuzi, ambamo filamu ilipigiwa picha, kilikuwa kimefungwa miaka mingi. Sasa uani yalisimama malori mawili, na makuli walikuwa wakipandisha makasha yaliyoandikwa VIFAA VYA FILAMU. Mlangoni alimngoja Bonge, mlinzi mwenye shingo nene kuliko paja la mtu. Alimpapasa Mtunzi kuanzia kwapani hadi kifundo cha mguu, akamnyang'anya simu, akaitia mfukoni mwake.

"Na hivyo vya masikioni?"

"Vya kazi. Bosi anataka muziki."

Bonge akamsukuma ndani.

Shemeji alikuwa amefungwa kwenye kiti cha chuma katikati ya ghala. Mdomo umepasuka. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilielekea upande usio wake. Alipomwona Mtunzi, alijaribu kutabasamu.

"Shemeji, si ungebaki na kinanda chako."

"Dadako angenilaza nje."

"Hapo umesema kweli."

Mtunzi alitaka kulia na alitaka kuua, yote kwa wakati mmoja. Akachagua kujikuna shingo kama mtu mwoga.

Mtayarishaji alikuja mikono wazi, suti nyeupe, miwani ya jua ndani ya nyumba. Aliipokea diski, akaidondosha sakafuni, akaisaga kwa kisigino mpaka ikalia.

"Hiyo imekwisha. Muziki uko wapi?"

"Bosi, mfungue kijana kwanza."

"Muziki kwanza."

Hakuwa akitania. Mtu huyu aliuza vifo kwa makasha, na bado alitaka filamu yake ipendwe. Mtunzi aliunganisha kompyuta aliyokuja nayo na spika mbili za JBL, ndefu kama milango, zilizotumika siku za kupiga picha. Mkono wake wa kushoto ukatua juu ya stendi ya maikrofoni. Kitako chake kilikuwa chuma kitupu, kilo sita.

Alipima ghala kwa jicho moja. Bonge kulia kwake, Glock mkononi. Mtunza silaha kando ya kasha lililofunguliwa, AK-47 begani. Kuli mmoja mwenye mtaimbo. Mtayarishaji nyuma ya kiti cha shemeji.

Akabonyeza.

Ngoma zikaingia. Mabati ya paa yakatetemeka. Mtayarishaji alifumba macho, akaanza kupunga vidole hewani.

"Mungu wangu," alisema. "Mungu wangu, hapo hapo!"

Mtunzi alikuwa akihesabu. Pigo la kwanza, la pili, la tatu. Wimbo huu aliuandika yeye, aliujua kama njia ya chooni kwake. Kwenye sekunde ya hamsini na mbili kila kitu kingekatika, mapigo mawili matupu, halafu ngoma zirudi zote kwa pamoja. Kwa miaka kumi na tano ya kazi aliona jambo moja likijirudia kila studio. Muziki ukikatika ghafla, kila mtu hugeuka kutazama spika.

Muziki ukakatika.

Wote wanne wakageuka.

Kitako cha stendi kilimpata Bonge kooni. Kitu kilivunjika ndani yake, akashika shingo kwa mikono yote miwili, na Glock ikawa imekwisha kubadilisha mwenyewe. Ngoma zikarudi. Mtunza silaha alipata mbili kifuani kabla hajaishusha bunduki. Akaketi juu ya kasha, akalala chali, damu ikatiririka kwenye maranda ya mbao.

Mtaimbo ulimshukia Mtunzi begani. Mkono wa kushoto ukafa ganzi. Alimpiga kuli risasi ya goti, kisha teke la taya, akamwacha anagaragara.

Alipogeuka, Mtayarishaji alikuwa amechupa kwenye kasha na kurudi na AK ya mtunza silaha. Alijikunyata nyuma ya kiti, akaulaza mtutu juu ya bega la kushoto la shemeji.

Akafyatua.

Mtunzi alijitupa nyuma ya spika. Risasi zikaichana. Muziki ukafa. Shemeji alikuwa akipiga mayowe na mayowe yake hayakusikika.

"Toka, msanii!"

Mtayarishaji akauhamisha mtutu, sasa bega la kulia, hapo hapo kando ya sikio. Akafyatua tena. Mtunzi alikuwa na visikilizio masikioni. Kijana hakuwa na kitu.

Alihesabu. Kuhesabu ndiyo iliyokuwa kazi yake. Ishirini na mbili. Ishirini na sita. Thelathini.

Klik.

Mtunzi alitoka akitembea. Mtayarishaji alikivuta kifyatulio cha bunduki mara mbili, akainua macho, akafungua kinywa.

Risasi ilipita juu ya bega la shemeji kwa upana wa kiganja. Miwani ya jua ilianguka kwanza, mwenyewe akafuata.

Nje geti lilivunjwa kwa kishindo. Matairi, amri, makuli wakilala kifudifudi. Ilikuwa saa tano kasoro dakika ishirini. Shangazi alikuwa amevunja ratiba yake mwenyewe.

"Sikio," alisema masikioni. "Malori yote tunayo. Na wanunuzi tumewakamata hotelini, bado wanakunywa chai. Kazi safi. Pumzika wiki mbili."

"Asante, Shangazi."

Alivitoa visikilizio. Akakata kamba kwa kisu alichokichomoa kiunoni mwa Bonge.

"Twende, shemeji. Imekwisha."

Shemeji hakuinuka. Alikuwa akiutazama mdomo wa Mtunzi, amekunja uso. Uzi mwembamba wa damu ulishuka kutoka kila sikio mpaka kwenye ukosi.

"ONGEA KWA SAUTI!" alipaza. "SHEMEJI, MBONA UNANONG'ONA?"

Mtunzi alipiga makofi nyuma ya kichwa chake. Mara moja. Mara tatu, kwa nguvu. Kijana hakupepesa hata jicho. Daktari wa kikosi alikuja na kurunzi, akachungulia sikio moja, akachungulia la pili, kisha akajifanya anatafuta kitu ndani ya mkoba wake.

Mtunzi alipiga goti kando ya maiti ya Bonge, akatoa simu yake mfukoni. Ilikuwa inaita.

Mkewe.

"Mume wangu, mdogo wangu hapokei simu tangu asubuhi. Roho haijatulia."

"Niko naye hapa. Yuko hai."

"Alhamdu... ah, mnanitesa nyie! Mpe niongee naye."

"Hawezi sasa hivi."

"Kwani hapo pana kelele?"

Mtunzi alitazama ghala. Moshi ulikuwa ukipanda kwenye mwanga wa dirisha. Hata askari walikuwa wamenyamaza.

"Hapana," alisema. "Hapa kimya. Vaa viatu, nakuja kukuchukua twende hospitali. Na kabla hujamwona, nina jambo la kukuambia. Kosa ni langu, lote."

Akakata simu. Akajifunga koti juu ya damu, akamshika kijana kiwiko, akatoka naye juani kwa mwendo wa mtu aliyemaliza zamu yake, bila kugeuka nyuma. Askari wawili wakampigia saluti.

Kando yake shemeji alikuwa akipayuka kwa nguvu zote, akiuliza dada amesema nini.