Jina la Baba Ukutani

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alifagia uwanja, akateka maji, kisha akanywa chai. Jina hilo la ndege alipewa na baba yake, kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika. Lakini wiki hiyo mdomo ulinyamaza, na kilichohangaika ni mwili. Alikaa, akasimama. Alifungua daftari, akalifunga.

"Umeingiwa na mdudu gani?" mama yake, fundi cherehani, alimuuliza huku akipinda kitambaa kipana cha kijani. Kitambaa hicho kingefunika ukuta mpya wa kumbukumbu kwenye kituo cha askari wa wanyamapori, hadi uzinduliwe Jumamosi. Ukutani yalichongwa majina ya askari saba waliofia kazini. Moja lilikuwa la baba yake Chiriku.

"Sina kitu, mama."

"Hotuba umemaliza? Nisomee basi."

"Bado kidogo." Akakwapua mkoba, huyoo, mbio!

Hotuba ilikwisha kitambo, na ndiyo iliyomnyima raha. Miaka miwili nyuma, baba alipofariki, kiranja wa darasa alimuuliza amekufaje. "Mto ulimchukua," Chiriku alijibu, maana hayo ndiyo maneno pekee ambayo mama yake aliweza kuyatamka. Kiranja akaguna. "Askari mzima na bunduki yake, ashindwe na maji?" Chiriku alihisi uso unawaka. Papo hapo akapiga chuku: baba alipambana na majangili kumi, akapigwa risasi. Tangu hapo hadithi ilizidi kunenepa. Majangili wakawa kumi na watano. Mwalimu mpya, aliyehamia mwaka huo, akaisikia, akaiamini, akamchagua aisimulie mbele ya umati siku ya uzinduzi.

Mchana huo mwalimu alimtuma kituoni apeleke orodha ya wanafunzi watakaoimba. Pale ukutani alimkuta dereva wa gari la doria, mtu mfupi mwenye ndevu za mvi, akipaka rangi nyeupe kwenye majina. Alikuwa rafiki mkubwa wa baba, ingawa tangu msiba hakuwahi kukanyaga kwao.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia Jumamosi wewe ndiye msemaji wetu. Hebu nionjeshe."

Chiriku akasoma, sauti ikikwamakwama. Alipofika kwenye risasi, brashi ya dereva ilisimama hewani. Tone la rangi likadondokea kiatu chake, asilifute.

"Nani alikwambia hayo?"

"Nimeyatunga mwenyewe." Machozi yakamtoka. "Watu wanasema kufa maji ni uzembe."

Dereva aliweka brashi juu ya kopo, akaketi chini.

"Mimi nilikuwepo, kwa hiyo nisikilize. Garini tulikuwa watu tisa. Tulimbeba mkulima aliyejeruhiwa na nyati, damu inamtoka. Kufika kivukoni, mto umefurika. Nilitaka kupita hivyohivyo, nilikuwa na haraka. Baba yako akaniambia, 'Zima gari. Nipime kina kwanza.' Akaingia na fimbo. Alipiga hatua sita. Ya saba, kivuko hakikuwepo tena, maji yalikuwa yamekimega." Akalitazama jina ukutani. "Ningepita, tungekwenda wote tisa. Wenzetu walibaki kumtafuta, mimi nikazungukia daraja la mbali na majeruhi wetu. Akapona. Yuko shambani kwake mpaka leo."

"Mbona hukuja kutuambia?"

"Niliona haya kumtazama mama yako. Ni mimi niliyekuwa na haraka." Akafuta uso kwa mkono wenye rangi. "Kumbe sote wawili tumejificha."

Jioni hiyo walifuatana nyumbani. Dereva alieleza yote, na Chiriku naye akaungama uongo wake. Mama hakufoka. Alilia, kisha akamkaribisha dereva chai.

Jumamosi, Chiriku alipanda jukwaani.

"Kabla sijamzungumzia baba yangu," alianza, "niliwadanganya. Hakupigwa risasi. Hakukuwa na majangili siku ile."

Minong'ono ikazagaa. Kiranja alikodoa macho. Chiriku alitamani kushuka, lakini akashika pande zote mbili za meza na kuendelea: kivuko, fimbo, hatua sita, watu wanane waliobaki hai. Alipomaliza, hakuna aliyecheka. Dereva alisimama katikati ya askari wenzake akasema kwa sauti, "Mmoja wa hao wanane ni mimi." Wengine nao wakasimama, mmoja mmoja.

Baada ya hapo kiranja alimsogelea, macho chini. "Nisamehe. Nilisema ovyo."

"Na mimi nilijibu ovyo," alisema Chiriku.

Mama yake alimvuta kando, mbele ya jina lililokauka rangi. "Mwanangu, ungewasimulia habari za yule wa risasi, watu wangempigia makofi mtu ambaye hakuwahi kuishi, na baba yako halisi angesahaulika. Kumheshimu aliyekufa kazini ni kusema alichofanya kweli, hata kama ni kupima maji kwa fimbo. Na wewe uliye hai, ukikosea, sema mapema kabla uongo haujaota miguu."

Kisha akamgeukia dereva. "Shemeji, hebu nisimulie tena. Anzia pale mlipoondoka kituoni. Alikuwa anasema nini?"

Wakaketi wote watatu kwenye nyasi, na dereva akaanza upya.