Doreen Asiyekuwepo

Kila siku shule ikiisha, Corinne Yablonski alipanda ngazi za pembeni mwa duka la mikate, akakung'uta theluji viatuni, akaingia ofisini kwa mama yake. Mama yake, Bernadette, alikuwa wakili. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye meza mbili, ya Mama karibu na dirisha na ndogo ya Corinne karibu na mlango. Hapo Corinne alifanya kazi za shule huku akila mkate wa mdalasini uliobaki dukani.

Siku nyingi hakuna mtu mwingine aliyezipanda ngazi hizo. Mama alikuwa ameacha kazi katika kampuni kubwa ya mawakili ili ajitegemee, na mji wa Scranton ulikuwa haujamfahamu. Binamu Dominic aliwatengenezea tovuti kabla ya kwenda chuoni, akamwachia Corinne neno la siri ili awe anabadilisha picha na saa za kazi. Sharti la Mama lilikuwa moja tu: asipandishe maneno yoyote kabla yeye hajayasoma. Wakili, alimweleza, haruhusiwi kujisifu kwa uongo wala kumwahidi mtu ushindi. Akifanya hivyo anaweza kunyang'anywa leseni.

Corinne alizoea kuzichungulia tovuti za mawakili wengine. Zilijaa maneno ya wateja waliookolewa na huyu na yule. Ya mama yake ilikuwa na picha ya jengo na nambari ya simu, basi. Alipomshauri Mama awaombe wateja wake nao waandike, Mama alikataa. Alisema watu wakishatoka kwenye shida zao hawapendi kuzitangaza.

Kisha siku moja alimsikia Mama akimwambia shangazi kwenye simu kwamba huenda akalazimika kurudi kwenye kampuni alikotoka. Alisema kwa sauti ya kushindwa, sauti ambayo Corinne hakuwahi kuisikia kwake. Roho ilimuuma. Mama alipoenda mahakamani, Corinne aliketi kwenye kompyuta, akamzua Doreen.

Doreen alikuwa mama wa watoto watatu, na mwenye nyumba alitaka kumtoa. "Nilikuwa nimeshafunga mizigo," Corinne aliandika, "lakini leo bado ninalala kwenye kitanda changu mwenyewe. Nenda kwa Wakili Yablonski. Hutahama." Aliyasoma maneno hayo tena, akayapenda, akayapandisha.

Simu zikaanza kulia. Watu wakapanda ngazi wakiwa na bahasha zao, wakisema wamemwona Bi Yablonski kwenye tovuti. Mama akaanza kuimba tena akiosha vyombo. Jioni moja alimkumbatia Corinne akasema hizo picha zake za tovuti zimefanya kazi kweli. Corinne aliinamia hesabu zake.

Alikuwa amepanga kuyafuta maneno yale baada ya muda mfupi. Lakini kila alipofungua ukurasa alikuta mtu mwingine ameandika kwamba Doreen amempa moyo. Akimfuta, wangeuliza ameenda wapi. Akimwacha, ipo siku Mama angemwona. Na akisema ukweli, furaha yote ile ya Mama ingekwisha, pengine na leseni pia. Kila upande aliogeukia ulikuwa ukuta. Akawa hali chakula vizuri, na simu ikilia alishtuka kama aliyefumaniwa.

Siku Bwana Emlyn Pugh alipofika, Mama alikuwa ametoka. Alikuwa mzee mrefu, koti lake limefungwa vifungo kombo. Aliketi mbele ya meza ya Corinne, akamweleza mambo yake bila kuulizwa. Nyumba aliyopanga ilikuwa imeuzwa, na mkewe alikuwa mgonjwa anayepumua kwa msaada wa mashine. Mwenye nyumba mpya alikuwa tayari kuwaacha wakae hadi baridi iishe na kuwalipia gharama za kuhama, mradi Bwana Pugh atie sahihi kabla ya ofisi ya wakili wake kufungwa siku hiyo.

"Nimekataa," alisema akitabasamu. "Kama Doreen hakuhama, mimi nihame kwa nini?"

Corinne alitamani kumwambia ukweli. Badala yake akamwuliza kama angependa kahawa.

Mama aliingia, akayasoma makaratasi ya mzee kwa makini. Kisha akamwambia wazi kwamba mkataba wake ulikuwa umeisha na mahakamani hangekuwa na la kusimamia. Mwenye nyumba angeweza kuwatoa katikati ya baridi. Kwa maoni yake, kutia sahihi ndiyo njia bora.

"Unanipima, Wakili," mzee alisema. "Doreen naye ulimwambia hivi?"

"Doreen yupi?"

"Wa kwenye tovuti yako." Mzee alianza kuitafuta simu mifukoni mwa koti.

Corinne aliutazama mlango. Ulikuwa karibu, na ngazi zilikuwa wazi. Lakini aliona mkono wa mzee ukipapasa mfukoni, na akafikiria mashine ile ikitolewa nje kwenye theluji.

"Hayupo," alisema. "Doreen hayupo. Nilimtunga mimi, Mama."

Bwana Pugh aliacha kutafuta. "Kwa hiyo hakuna mtu aliyebaki nyumbani kwake," alisema polepole.

"Hakuna," Corinne alisema, na machozi yakamtoka.

Mama alimwomba mzee radhi, akamwambia yuko huru kutafuta wakili mwingine, ila saa zilikuwa zinakwenda. Bwana Pugh aliitazama saa ya ukutani, akavua kofia yake. Akamwambia Mama apige simu kwa mwenye nyumba, aseme amekubali kuhama. Mama akapiga, akabishana na wakili wa mwenye nyumba, na kabla ofisi hazijafungwa mzee alikuwa ametia sahihi na kuruhusiwa kukaa hadi mwisho wa Mei.

Mzee alipoondoka, Corinne alimfuta Doreen mbele ya macho ya Mama. Mama alisema kesho yake angelipeleka jambo hilo mwenyewe kwenye bodi ya mawakili. Jina kwenye tovuti lilikuwa lake, na kosa lilikuwa lake pia.

"Nilitaka kukusaidia," Corinne alisema.

"Najua, mwanangu. Lakini mtu anayetafuta wakili kwenye tovuti yuko peke yake na hofu yake. Hana wa kumwuliza. Neno atakaloliona pale ndilo atakaloegemea, na wewe umempa ukuta wa karatasi. Mtu akikuamini, usimpe uongo, hata kama unampenda unayemsaidia kwa uongo huo."

Kisha akaiweka simu katikati ya meza na kutafuta nambari za wateja wote waliokuja baada ya Doreen. Alipiga, akamwachia Corinne aseme mwenyewe. Wa kwanza alikata simu kabla hajamaliza. Wa pili, mwanamke, alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama mama yake Corinne bado ana nafasi siku ya Alhamisi.