Bushi za Kibao cha Nyama

Somoe aliuza vyombo vya plastiki sokoni Temeke, na wezi alikuwa akiwajua kwa mikono. Kwa hiyo siku ile ya mwaka tisini na tatu, soko limefurika hapapitiki, alipomwona kijana wa ovaroli la bluu akigongagonga vibao vya kukatia nyama kwa ukucha, kimoja baada ya kingine, akamsogelea.

"Kaka, unanunua au unapiga ngoma?"

"Natafuta kigumu, dada. Nikakereze bushi za gia."

"Gari lako linakula nyama?"

Badru, fundi wa Kinondoni, akacheka. Alikuwa na gari la mteja, dogo, jekundu, la Kiingereza, viti viwili, la zamani. Bushi zake, vile vipete vinavyoushika mkono wa gia, zilikuwa zimelika. Mkono ulicheza kama jino bovu, na bushi mpya hazikupatikana mji mzima. Akaondoka na kibao cheupe. Alichokereza kikapwaya. Akarudi kuchukua kingine, na kingine, hata Somoe akajua hafuati vibao peke yake. Mwezi wa nne, posa ikapangwa kuletwa Ijumaa.

Jumatano Somoe akaenda Kinondoni bila taarifa, na gauni lake la maua na mtandio wa zambarau. Gari lilikuwa uani, turubai la paa limekunjwa. Ndani alikaa Badru na mwenye gari, Eufrazia, karani wa benki, miwani ya jua na manukato yanayofika barabarani. Mkono wa Badru ulikuwa juu ya mkono wa yule mwanamke.

Somoe akageuka, akarudi zake Temeke.

Kesho yake Badru akapiga simu duka la jirani, Somoe akaitwa.

"Mpenzi, mbona sauti imepoa?"

"Unamfundisha kuendesha?"

"Nani?"

"Usiniulize nani. Kesho mjomba wako asije na posa."

Akaweka simu. Lakini roho haikutulia. Ijumaa asubuhi akaenda tena, safari hii amfumanie hasa, asibaki na la kujiuliza.

Badru alikuwa garini, mkono juu ya mkono. Ila wa chini ulikuwa na mishipa na vinyweleo vyeupe: wa Mzee Marselino, babake Eufrazia, aliyegoma kuamini plastiki.

"Usisukume, mzee. Hii gia ya pili. Umeisikia ikikaa?"

"Nimeisikia. Haichezi."

Somoe akasema kutoka getini, "Kumbe unawashika wote?"

Badru akainua kichwa. "Kila mwenye gari na watu wake. Akiondoka hajaisikia gia kwa mkono wake, kesho ananirudia na maneno."

Mzee akashuka. "Kaa, binti. Nasikia kibao ni chako."

Somoe akakaa.

"Lete mkono," Badru akasema.

"Natia mwenyewe."

Akatia ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Zikaingia laini. Akazirudia zote polepole, kama anayetafuta uongo ulipojificha. Hakuuona.

"Haya," akasema bila kumtazama. "Mjomba aje. Ila huyo Eufrazia akileta gari tena, mkono wake nitaushika mie."