Mlio wa Korongoni

Lorne Pruitt alikuwa mtu wa tambarare, kwenye mashamba ya ngano. Alikuja bondeni kwetu kufanya kazi katika kiwanda cha mbao, na sisi majirani tulimpenda kwa sababu hakujua kununa. Kabla baridi yake ya kwanza haijaisha, alikwisha nunua pikipiki ya theluji. Jumamosi moja yenye jua zuri aliipakia garini na kuwafuata mlimani Boyd Kessler na mkewe, Gwen. Mke wa Lorne, aliyekuwa mjamzito, alimwambia neno moja tu mlangoni: arudi giza halijaingia.

Pale lami inapokwisha, Boyd alisimama njiani na kiredio chake mkononi. Kwetu hakuna apandaye mlima bila kiredio hicho kifuani. Hutuma ishara muda wote, ili ukifukiwa na theluji wenzako wageuze vyao vitafute, wakufuate kwa mlio na kwa namba ya umbali. Ila kikitafuta, hakitumi. Asubuhi kila mtu hupita mbele ya kiongozi, kiredio cha kiongozi kilie, ndipo aende. Jioni wakitoka hupita tena. Hiyo ya jioni ilianza mwaka juzi, siku Ansel, kaka yake Gwen, alipobaki mlimani. Walimtafuta mpaka theluji ikayeyuka, hawakumpata.

"Pita, mtu wa ngano," Boyd akamtania. "Ukisikia mlio, unafanyaje?"

"Nachimba."

"Hata umechoka?"

"Hata nimekufa, kaka. Nachimba."

"Na mashine ikikwama?"

"Nasubiri. Siteremki."

"Haya, darasani umefaulu. Tuone huko juu."

Gwen alikuwa anafunga kofia yake. Hakucheka.

Mpaka saa ya chakula mambo yalikwenda vizuri. Lorne alianguka mara kadhaa, akachekwa, akacheka naye. Kisha wingu likashuka mlimani. Boyd na Gwen walikuwa mbele, wanakata mteremko kwa ubavu. Lorne akajaribu kama wao, mashine ikamshinda nguvu, ikageuza pua chini. Hapo ndipo mgeni hukosea. Mashine iliyoelekea chini haihitaji kubembelezwa, na mbele yake aliona alama mbichi ya mashine nyingine ikiteremka kati ya misonobari. Akajua ni wenzake. Akaifuata.

Alama ile ilimpeleka hadi chini ya korongo, ikaisha. Haikugeuka wala haikurudi. Iliishia katikati ya theluji safi.

Alizima injini. Pande zote mbili theluji ilining'inia juu yake, nene, kimya. Lorne aliogopa, na hakujidanganya kwamba hajaogopa. Alimwaza mkewe. Akageuza kiredio kitafute, ajue wenzake wako upande gani.

Kikalia. Mita arobaini.

"Boyd?" akanong'ona. Hakuthubutu kupaza sauti chini ya kuta zile.

Thelathini. Yeye hakuwa amesogea. Ishirini. Akakodoa macho ukunguni. Hakuja mtu. Kumi. Tano. Moja na nusu.

Hapo namba ikatulia. Kishale cha kuelekeza kikazimika, kama kinavyozimika mtu anapokuwa chini yako.

Ukisikia mlio, unachimba. Alichomoa beleshi, akachimba. Theluji ikamfika magotini, akatazama namba. Moja na nusu. Akachimba mpaka kiunoni. Moja na nusu. Jasho lilimtoka, likaganda shingoni. Akachimba mpaka kifuani. Moja na nusu.

Akasimama. Akalitazama shimo. Lilikuwa na urefu wake. Na upana wake.

Chini ya buti kitu kikagonga. Taratibu. Kikagonga tena.

"Usiache," ikanong'ona sauti. "Karibu unifikie."

Ukuta wa kushoto ukaguna. Huo mguno sisi tunaujua. Theluji hulia hivyo kabla ya kuporomoka. Lorne akakumbuka kwamba kiredio chake hakitumi. Kama ingemfunika, asingesikika na yeyote.

Alipanda kwa kucha. Beleshi akaliacha. Injini ikagoma, ikagoma tena, ikawaka. Akafuata korongo kwenda chini bila kuona mbele. Nyuma yake mlima ukaanguka, na upepo wake ukamsukuma mgongoni.

Korongo lilimtoa kwenye barabara ya kusombea magogo. Boyd na Gwen walikuwa pale wakimwita mpaka sauti zimewakauka. Gwen alimshika bega.

"Umetokea wapi wewe?"

"Korongoni."

"Hukusikia kitu?" aliuliza polepole. "Mlio wowote?"

Lorne aliona macho yake. "Hapana," akasema.

Penye lami Boyd alisimama tena na kiredio. Gwen akapita, kikalia. Lorne akapita, kikalia.

"Haya, tumetoka wote," Boyd akasema.

Alifika nyumbani giza halijaingia. Mkewe alimkumbatia, akaingia ndani kupasha supu. Lorne akabaki gereji akivua mikanda, na kiredio kikamgeukia kiganjani. Kilikuwa bado kinatafuta. Tangu korongoni hakikuwa kimetuma chochote. Basi pale penye lami, alipopita, kiredio cha Boyd kilimlilia nani?

Akasoma namba. Moja na nusu. Mashine ilikuwa nyuma yake, na beleshi lake limeegemezwa kitini.

Asubuhi alikwenda kwa Gwen, akamwambia yote: mlio, shimo, sauti, na jinsi alivyoiacha. Alitegemea kupigwa kofi. Gwen alilia, kisha akamwomba asiichome ile mashine kama alivyokusudia. Akaja na Boyd, wakaipeleka bandani kwao.

Iko huko mpaka leo. Kila Jumamosi mimi humwona Gwen akiingia bandani na vikombe viwili vya kahawa, akafunga mlango. Boyd hukaa barazani, hatazami upande ule. Gwen akitoka, vikombe vyote viwili ni vitupu. Juzi alinipungia mkono, nami nikaviona vizuri. Huu ni mwezi wa nane, joto la kuvua shati, na kimoja kilikuwa na barafu mdomoni.