Shangazi wa Mabibi Harusi Saba

"Mumeo hulala upande gani wa kitanda?"

Anjelika alifikiri kidogo.

"Hatukuwa na kitanda, baba. Tulikuwa na mkeka."

"Basi upande gani wa mkeka?"

"Ule unaovuja. Mimi nililala pakavu."

Bwana Pancras, afisa aliyetumwa na ubalozi kuja Ngara mjini kupekua ndoa za wakimbizi, aliandika jibu hilo kwa uzito wa karani anayeandika wosia.

Anjelika alitoka kambi ya Lukole, na kabla ya Lukole alitoka Burundi. Mumewe, Nyandwi, alifunga naye ndoa Jumamosi moja ya mwaka 2004, na wiki tatu baadaye jina lake likaitwa kwenye orodha ya wanaopelekwa ughaibuni. Aliandikishwa zamani akiwa mseja, kwa hiyo ndege ilimchukua mseja. Kule alikokwenda palikuwa na jina refu, lakini Lukole nzima ilipaita Kule, kana kwamba dunia ina sehemu mbili tu. Sasa ulikuwa mwaka wa pili Anjelika akiomba visa ya mke, na kambi ilikuwa inafungwa. Kila Jumanne malori yalipakia watu kuwarudisha Burundi. Kwao Anjelika hakukuwa na mtu. Shamba la baba yake lilikuwa na wenyewe wengine, na wenyewe hao walikuwa na mapanga.

Kwa kifupi, ilikuwa ama Kule, ama lori.

"Sasa tuje kwenye picha," alisema Pancras.

Akapanga mezani picha saba za harusi, kutoka faili saba za waombaji, kama mcheza karata, kisha akafunika nyuso zote kwa vipande vya karatasi. Picha saba, gauni moja. Suti moja. Keki moja ya orofa tatu, ambayo kila mtu Lukole alijua ni maboksi yaliyopakwa chokaa. Na pembeni ya kila bibi harusi, mwili wa mama yuleyule mnene, ameshika pindo la gauni.

"Ipi ni yako?"

Anjelika alizikagua polepole, akaweka kidole kwenye ya tano.

"Hii. Bwana harusi amenishika kifundo cha mkono badala ya kiganja. Kiganja kilikuwa kimeungua na uji asubuhi ile."

Pancras akaondoa karatasi. Alikuwa yeye kweli. Afisa akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, na Anjelika akaona Kule kumesogea, labda kumefika hapo nyuma ya kijiji cha Mbuba.

"Vizuri. Na huyu mama aliyeshika gauni?"

Huyo alikuwa mama Evarista, mmiliki wa gauni pekee la harusi Lukole. Watu walipokimbia vita na masufuria vichwani, yeye alikimbia na gauni. Alilikodisha, ila hakuliachia. Alihudhuria kila harusi akiwa ameshika pindo lisiguse vumbi, na kwa kuwa alikuwepo siku zote, akawa pia anasaini cheti kama shahidi. Ulipoulizwa uhusiano wake na bibi harusi, alikataa katakata kuandikwa mwenye gauni. Alisema mtu mzima hawezi kuingia kwenye karatasi za serikali kama kabati. Andikeni shangazi, aliwaambia. Wakaandika, wote saba.

Na usiku uliotangulia mahojiano hayo Nyandwi alikuwa ametuma ujumbe wa simu: "Mke wangu, yaliyo kwenye karatasi ndiyo hayohayo useme. Usibadilishe hata neno. Nimeshakununulia koti."

"Ni shangazi yangu," alisema Anjelika.

Tabasamu la Pancras likarudi lilikotoka.

"Shangazi yako ana wapwa saba, mama. Wanatoka mikoa mitano, na hakuna anayemtambua mwenzake kama ndugu." Akafunga faili. "Nilikuwa nakuamini mpaka hapo."

"Baba, ngoja nikueleze ukweli."

"Umeshaeleza."

Barua ilifika baada ya wiki tatu. Ilikuwa na adabu nyingi, na iliposemwa kwa lugha ya watu ilisema: hatuamini kama mlioana. Anjelika akampigia Nyandwi akiwa kwenye kibanda cha kuchajia simu, sokoni, mbele ya watu waliojifanya wanachagua dagaa.

"Kwa nini hukumwambia ni mwenye gauni?" aliuliza Nyandwi.

"Uliniandikia nisibadilishe neno."

Nyuma yake zilisikika mashine za kufulia. Kule Nyandwi alifua mashuka ya hospitali.

"Tutakata rufaa."

"Inachukua muda gani?"

"Mwaka na nusu. Wengine miwili."

"Lori langu ni Jumanne, Nyandwi."

Mashine zikaendelea kuzunguka.

"Koti lipo," alisema mwishowe.

"Livae wewe."

"Unamaanisha nini?"

"Namaanisha huko kuna baridi."

Jumatatu Anjelika alikwenda kwa mama Evarista akiwa na matusi aliyoyapanga njia nzima. Akamkuta anamfunga vifungo bibi harusi wa nane, Diane, ambaye mchumba wake naye alikuwa kwenye orodha ya Kule. Mpiga picha alikuwa tayari. Keki ya maboksi nayo ilikuwa tayari.

Anjelika akawasimulia yote. Matusi hakuyatumia.

Mama Evarista alikaa chini taratibu. "Mimi nilikuwa nawapa heshima, mwanangu."

"Tuliipata, mama. Sasa toka kwenye picha."

"Na vumbi lote hili? Gauni langu nani atalishika?"

Anjelika akaisogeza keki kwa mguu, akaweka mahali pake sahani ya viazi vitamu vya kuchemsha. Diane akalalamika kwamba harusi yake itaonekana kama mlo wa mchana.

"Wewe ndiye uliyevichemsha?" aliuliza Anjelika.

"Ndiyo."

"Basi ukiulizwa, utakuwa na la kusema. Na kwenye cheti, shahidi ataandika mwenye gauni."

Mama Evarista akaguna, akapokea kalamu kama anayepokea jembe wakati wa jua kali, akaandika.

Kisha Anjelika akapiga magoti nyuma ya Diane, akakamata pindo kwa mikono miwili, akainama mpaka kamera isimwone.

"Nimelishika," alisema kutoka huko chini.

Mpiga picha akawaomba watabasamu. Simu ya Anjelika ikatetemeka kwenye fundo la khanga kiunoni, mara moja, kama inavyotetemeka ujumbe unapoingia. Hakuitoa ili ausome. Mikono yote miwili ilikuwa na gauni.