Chumba cha Philomena Ndani ya Kompyuta

Kitu cha kwanza kumshtua Melania kilikuwa pazia.

Lilikuwa la kijani, lina maua ya njano, limefungwa fundo katikati ili lisipeperuke, na lilikuwa ndani ya mchezo wa kompyuta. Pazia kama hilo, na fundo lake, alikuwa ameliona Jumapili iliyopita Ngokolo, nyumbani kwa Philomena, alipokwenda kumtazama mtoto.

Mwaka ulikuwa 1998. Kompyuta ilikuwa ya Kaushik, mwenye duka la vifaa vya ofisi karibu na soko la Shinyanga, ambaye aliinunua ikiwa imeshatumika, kutoka kwa mtu aliyetoka Geita kwa haraka na hakutaka kupatana bei. Wapiga chapa wa duka walikuwa wawili, Melania na Philomena. Adhuhuri, Kaushik na mkewe Bhavna walipokwenda kula, wateja walikatika, na wapiga chapa wakabaki na michezo waliyoikuta humo.

Melania alikuwa na maoni yake juu ya michezo hiyo, na hakuyameza. Ule wa kulinganisha vigae viwili vinavyofanana aliuita mchezo wa wavivu. "Unabahatisha tu," alisema. "Vikijipanga vibaya umeshindwa, hata uwe na macho ya kipanga." Ule wenye saa ya kukukimbiza aliuchukia kabisa. Wake ulikuwa ule wa kutafuta vitu: chumba kimejaa vikorokoro, chini yake vimepangwa vivuli vyeusi vya vitu vilivyofichwa, nawe ukikiona kitu unakigusa kwa mshale, kinatoweka. "Huu ndio mchezo wenye adabu. Halafu hakuna kinachofichwa mbali. Kipo mbele ya pua yako, kimelala kando ya kinachofanana nacho. Usikitafute kitu chenyewe. Angalia palipozidi."

Philomena alicheza wa vigae, akaumaliza mapema, akicheka. Na kila jambo lake lilikuwa hivyo hivyo. Barua zake hazikuwa na kosa, wateja walikubali kusubiri zamu yake, hata Donatus, mume wa Melania, alipopita dukani siku moja alisema, "Mwenzako huyu ana mkono, jamani." Tena alikuwa na Masalu, mtoto wa miezi minne, wakati Melania alikuwa na miaka minne ya ndoa na kitanda kisicho na kilio. Wivu ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki: haumuui mtu, ila kila akimeza anausikia.

Basi adhuhuri ile Philomena alikuwa amekwenda nyumbani kunyonyesha. Melania akakitazama chumba kwenye kioo cha kompyuta: kitanda cha chuma, redio, kabati lililopasuka pembeni. Kimojawapo cha vivuli kilikuwa hereni. Akaiona juu ya redio. Akaigusa. Ikatoweka, na papo hapo harufu ya udi ikapita dukani, ambamo hakuna aliyewasha kitu.

Kesho yake Philomena alikuja na sikio moja tupu. "Hereni ya marehemu mama yangu, Melania. Nimepekua nyumba nzima."

"Pole, shoga. Itaonekana tu."

Moyoni kitu kitamu kilimyeyukia kama sukari guru. Angeogopa siku ile, mambo yangeishia hapo.

Hakuogopa. Akagusa kitana. Akagusa kitenge cha harusi, kisha picha ya baba yake Philomena. Kila alichokigusa adhuhuri, Philomena alikililia asubuhi. Vidole vyake vikaanza kukosea, Kaushik akamkaripia mbele ya wateja, naye Melania akajiinamia kwenye karatasi zake ili mtu asimwone anavyotabasamu. Harufu ya udi sasa haikuondoka. Nyuma ya kiti chake palikuwa na joto, kama mtu aliyesimama karibu mno, na mara mbili alisikia pumzi ikivutwa kwenye meno.

Ijumaa kivuli kilikuwa kimoja tu.

Alidhani ni furushi, kisha akaona kichwa cha mviringo na ngumi mbili ndogo zilizokunjwa, akainua macho kwenye kile kitanda cha chuma na kumwona Masalu amelala chali, kifua kikipanda na kushuka ndani ya picha ambayo haikupaswa kupumua, akaondoa mkono kana kwamba ameshika kaa la moto, lakini mshale ukaendelea kutambaa peke yake, polepole, ukipita juu ya redio, ukipita juu ya kabati, na joto lile la nyuma likainama mpaka likamgusa sikio.

"Si hiki ulichokuwa unakitafuta?" sauti ikanong'ona. "Vingine vyote vilikuwa kionjo."

"Sitaki," Melania akajibu, naye kwa kunong'ona. "Sikitaki, niachie."

Akachomoa waya ukutani. Feni ikazimika, printa ikazimika. Kioo kikabaki kinawaka. Mshale ukafika kitandani, na mtoto akatoweka.

Melania alikimbia mpaka Ngokolo, kandambili moja ikamkatikia njiani. Alimkuta Philomena katikati ya chumba, kanga imemfunguka, sauti imemkauka.

"Nimemlaza hapa! Nimetoka kuanua nepi tu, nimerudi hayupo!"

Majirani walikuwa wametawanyika nje, wengine hadi barabarani. Ndani alibaki jirani mmoja, Mageni, mganga aliyempokea Masalu siku ya kuzaliwa. Chumba kilinuka udi mpaka macho yakawasha.

Melania akataka kupekua uvungu, akajizuia. Akakumbuka maneno yake mwenyewe. Akasimama mlangoni, akakitazama chumba chote taratibu, jinsi alivyozoea kukitazama.

"Mama Masalu," akauliza, "una mito mingapi?"

"Unaniuliza mito?"

"Mingapi?"

"Miwili."

Kitandani palikuwa na mito mitatu. Ule wa katikati ulikuwa unapumua.

Philomena akapiga yowe na kuurukia, lakini haukuinuka. Walivuta wote wawili, ukawa mzito kama mawe ya mgodi wa Mwadui, baridi kama chuma cha alfajiri. Na ile sauti ikasema, safari hii wote wakisikia, "Nimetafutiwa. Ni changu."

Mageni alikuwa ameshachota maji, ametia unga wa mtama ndani ya kibuyu. Akasita.

"Ng'wanone, mwanangu, dawa yangu haitoshi," akasema. "Hili limekuja kula kijicho, na yupo aliyelilisha. Asipojitaja, halitoki."

Melania angeweza kunyamaza, hakuna ambaye angejua. Mto ukapumua, ukachelewa, ukapumua tena.

"Ni mimi," akasema. "Hereni ni mimi, kitenge ni mimi, picha ya baba yako ni mimi. Nilikuonea wivu, Philomena. Mkono wako, jina lako dukani, mtoto wako. Nilitaka nawe ukose, uone kulivyo."

Mageni akaurushia mto ule maji. Pazia la kijani likavutwa nje kwa nguvu, na hapakuwa na upepo. Kitandani Masalu akalia.

Philomena akambeba mwanawe, akamfunika kifuani kwa mikono miwili. Hakumtazama Melania.

"Toka kwangu," akasema.

Jioni ile Mageni, Melania akiwa ameshamweleza habari za mchezo, alimwambia Kaushik aichome mashine. "Mama, kitu kizima hivi nikichome?" akajibu, na kabla wiki haijaisha akamuuzia dalali wa almasi wa Maganzo. Melania aliacha kazi, akaweka cherehani nyumbani. Philomena hakumsemesha miezi kumi. Siku aliposikia Melania ana mimba, alimtumia kanga kwa mkono wa jirani, bila salamu. Melania aliikumbatia kanga ile akalia mpaka Donatus akaogopa.

Mimba ilipofika miezi saba, asubuhi moja akaja mteja asiyemfahamu, mwanamke aliyevaa vizuri, mwenye uso uliochoka. Hakungoja kuonyeshwa kiti.

"Cherehani umeisogeza dirishani," akasema. "Ilikuwa kule kwenye kona."

"Umewahi kufika hapa, dada?"

"Bado. Ndiyo mara ya kwanza natoka Maganzo." Macho yake yalishuka kwenye tumbo la Melania, yakatulia hapo. "Mume wangu ni dalali. Aliniletea kompyuta, nisiwaze sana. Mwaka wa sita huu, sijapata mtoto."

Melania akapapasa mezani kutafuta mkasi, apate tu kitu cha kushika. Alikuwa ameuacha pale jana, juu ya kitambaa. Akainua kitambaa. Akainama chini ya meza.

"Usihangaike, dada," mgeni akasema kwa upole. "Huo nilishaupata jana."