Mzee Ogle Anunua Jiko Mara Mbili

Mzee Ogle wa mtaa wa Waberi, mjini Garissa, alikuwa dalali wa ngamia kwa miaka arobaini. Sasa amestaafu. Watu wakistaafu hukaa kivulini. Ogle hakukaa. Alichoma nyama. Jumatatu alichoma, Jumatano alichoma, Ijumaa alichoma, na Jumamosi alichoma kama mtu aliyeahidiwa mshahara.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku kubwa. Siku hiyo binti yake wa mwisho, Ayan, alikuja kutoka Balambala. Huko ni mwalimu wa shule ya msingi. Ogle aliamka mapema akanunua mbavu za mbuzi. Alinunua pia kipande cha nundu ya ngamia, yale mafuta meupe yanayopendwa na wazee wasio na meno. Ogle ana meno yake yote, lakini panapogawiwa nundu hujihesabu kati ya wale wengine.

Mkewe, Bi Arbia, alitengeneza anjera, ile mikate laini ya kumimina, chai ya maziwa ya ngamia, na maneno. Maneno ndiyo yalikuwa na viungo zaidi.

Furaha ya Jumamosi ilikuwa na kasoro moja. Ogle alichomea nyama juu ya makaa, kwenye nusu ya pipa. Mafuta yakidondoka, moshi ulijaa ua mzima. Ayan ana pumu tangu utotoni. Alikuwa akikaa mbali, karibu na lango, amefunika pua kwa shuka. Kifua chake kililia kama birika. Baba anachoma huku, binti anakohoa kule, na kati yao moshi. Mara nyingine aliondoka kabla nyama haijaiva.

 Bi Arbia alimwona Ogle akimtazama mtoto pale langoni, na nyama inaungua mbele yake.

Siku moja Ogle alisikia kwamba kuna majiko ya gesi ya kuchomea nyama. Hayatumii makaa. Hakumwambia mtu. Alivaa shali yake begani akaenda dukani peke yake.

Sasa, kwa madalali wa ngamia bei haitangazwi sokoni. Mikono miwili hukutana chini ya shali, na vidole ndivyo vinavyozungumza. Kwa kazi hiyo Ogle hakuwa na mpinzani. Aliona jiko moja linang'aa kama gari la harusi. Lilikuwa na saa ndogo ya kupimia joto kwenye kifuniko. Papo hapo alitandaza shali akauingiza mkono. Mwenye duka alikuwa mgeni mjini. Alidhani mzee anataka kusaidiwa kuvuka barabara.

Walielewana mwishowe. Bei ilishuka, ikashuka tena. Ogle alifurahi mno kwa ushindi ule hata hakulifunua jiko. Alirudi nyumbani mbele ya mkokoteni uliobeba jiko, akitembea kama mtu aliyeoa mke wa pili. Bi Arbia alichungulia nyuma ya mkokoteni ili ahakikishe ni jiko tu.

Jiko lilifanya kazi miezi mitatu. Miezi hiyo Ayan alikaa mkekani karibu na baba yake, akala, akacheka. Halafu rangi ilianza kubanduka. Miguu ikacheza. Upande mmoja moto ulikuwa mkubwa, upande wa pili ulikuwa kama mshumaa. Ogle alisema jiko linazoea nyumba.

Jumamosi moja aliweka nundu katikati, kipande kinene kama mto wa kulalia. Mafuta yalitiririka. Ghafla ndimi za moto zikaruka juu. Ogle alijivuta nyuma, lakini ndevu hazikujivuta upesi kama yeye. Zile ndevu alizokuwa amezipaka hina Alhamisi, nusu yake ilikwenda. Bahati nzuri ngozi ilipona, na Ayan ndiye aliyekimbia akafunga gesi kwenye mtungi.

Bi Arbia alimtazama mumewe vizuri, akamshukuru Mungu. Halafu akasema upande uliobaki unampendeza.

Chini ya jiko palikuwa na tundu linalopita ngumi. Ogle aliapa kwamba gesi ni uongo wa mjini. Akarudia pipa lake na makaa.

Jumamosi iliyofuata Ayan alipiga simu. Hangeweza kuja, ana mitihani ya kusahihisha. Wiki ya pili, mitihani. Wiki ya tatu, mitihani tena. Ogle alichoma nyama, akakata vipande, akavitazama. Hakula.

Jioni hiyo Bi Arbia alikaa karibu naye. Mara hii hakufanya mzaha.

"Baba Ayan," alisema, "mitihani ya muhula ilikwisha mwezi uliopita. Mtoto hasahihishi kitu. Anaogopa moshi wako, na anaogopa kukwambia."

Ogle aligeuza kaa lililokuwa halihitaji kugeuzwa. Baadaye akauliza kwa sauti ndogo, "Nifanye nini?"

Kesho yake Bi Arbia alimwita Tiya. Tiya ni fundi wa majiko ya gesi, Mborana kutoka upande wa Wajir. Ana kibanda karibu na soko. Alipofika, alisalimia, akanywa chai, kisha akaomba aonyeshwe marehemu. Walimpeleka nyuma ya nyumba lilipotupwa jiko.

Tiya alilizunguka mara mbili. Kisha akamuuliza Ogle, "Mzee, ukinunua ngamia, unaanzia wapi?"

Hapo Ogle alipata nguvu. Alieleza kwamba ngamia hufunguliwa mdomo ukaona meno. Unabonyeza nundu. Unatazama nyayo. Unampigisha magoti, unamtwisha mzigo, halafu unaona kama atasimama bila kuyumba. Anayenunua ngamia kwa kumtazama tu, alisema, hastahili hata mbuzi.

"Na hili jiko, ulilifungua mdomo?"

Ogle alifuta vumbi kwenye kifuniko cha jiko.

"Alilipapasa mgongo," alijibu Bi Arbia. "Ulikuwa unang'aa."

Tiya hakucheka, au alicheka kwa ndani. Alimwambia Ogle abonyeze ubavu wa jiko kwa kidole. Bati lilibonyea kama kopo la maziwa. Akaeleza kwamba bati jembamba haliwezi moto wa mara nne kwa wiki. Huungua likatoboka. Mng'ao ulikuwa rangi tu. Jiko la mtu anayechoma nyama Idi kwa Idi, alisema, si jiko la mtu kama mzee.

Kisha alitoa wavu wa nyama. Chini yake kulikuwa na mabomba mawili yenye matundu madogo. Moto hutokea hapo. Mabomba yalikuwa ya chuma cha kawaida, yameliwa na kutu. Matundu mengine yameziba, mengine yamepanuka. Ndiyo sababu moto ulikuwa mkubwa huku na mdogo kule.

"Tazama tena," alisema Tiya. "Juu ya bomba hakuna kitu. Jiko zuri lina vipande vya chuma vilivyokunjwa kama paa la nyumba. Hukaa juu ya bomba, mafuta yakateleza pembeni. Hapa nundu ilidondoka moja kwa moja ndani ya moto."

Mwisho alionyesha sinia la kukusanyia mafuta. Lilikuwa dogo, tena limefungwa kwa misumari. Halitoki, kwa hiyo halikusafishwa hata siku moja. Mafuta ya miezi mitatu yalikuwa yamelala humo. Moto uliposhuka, uliyakuta yanausubiri.

Ogle alishika kile kilichobaki cha ndevu zake. Aliuliza kama mabomba yanaweza kubadilishwa. Tiya alisema alishatafuta vipuri vya jiko kama hilo kwa mteja mwingine. Havipatikani Garissa, wala Nairobi.

"Basi niliibiwa," alisema Ogle.

"Hukuibiwa, mzee. Ulishinda bei, ukasahau kukagua mali."

Jumanne walikwenda dukani watatu. Lilikuwa duka lingine. Bi Arbia aliificha shali nyumbani, akasema vidole vitazungumza baada ya macho.

Jiko la kwanza Ogle alilitikisa. Liliyumba. Akalipita bila neno. La pili lilikuwa kubwa, lina mabomba sita. Ogle alilipenda, maana dalali hupenda kitu kikubwa. Tiya alimuuliza nyumbani wanakula watu wangapi. Wanane, na kumi wageni wakija. Basi mabomba matatu yanatosha, alisema Tiya. Mabomba sita yatamaliza gesi upesi bure.

La tatu lilikuwa pembeni. Halikung'aa sana. Ogle alilishika mguu akajaribu kulinyanyua. Lilikataa. Akapiga magoti, mzee wa miaka sabini, akaingiza kichwa chini yake. Wateja wengine walisimama kutazama. Bi Arbia aliwaambia anatafuta meno.

Ogle alikagua yote. Kifuniko kilikuwa kizito, kikifungwa hakiachi mwanya, kwa hiyo joto halitoroki. Wavu ulikuwa wa chuma kizito. Mabomba yalikuwa ya chuma cha pua, ambacho hakishiki kutu upesi. Vipaa vya chuma vilikuwa juu ya kila bomba. Kila bomba lilikuwa na kitufe chake, uweze kuwasha moja na kuliacha jingine. Sinia la mafuta lilivutwa likatoka lote, kama droo. Miguu haikucheza.

Tiya aliongeza maswali mawili ambayo Ogle hakuyajua. Kwanza, je, mpira na kichwa cha kufungulia gesi vinaingia kwenye mtungi unaouzwa hapa mjini? Majiko mengine huja kutoka nje na vichwa visivyokubaliana na mitungi yetu. Mwenye duka alileta mtungi akafunga mbele yao. Pili, bomba likiharibika, jipya lipo? Mwenye duka alionyesha mabomba kwenye rafu. Akatoa pia karatasi ya dhamana ya miaka mitano, akaipiga muhuri na kuandika tarehe. Tiya aliisoma yote kabla ya kumpa Ogle.

Bei yake, kwa hesabu ya Ogle, ilikuwa mabeberu watatu wanono. Lile la kwanza lilikuwa mmoja na nusu. Ogle aliguna. Bi Arbia alimkumbusha kwamba lile la beberu mmoja na nusu lilikula pia ndevu. Walipatana, na juu ya bei Ogle akachukua turubai la kufunikia jiko, bure. Asingeweza kutoka mikono mitupu.

Nyumbani, Tiya hakuwaacha wawashe. Aliliweka jiko nje, penye hewa, mbali na ukuta, mikeka na pazia. Mtungi aliusimamisha pembeni. Haulazwi, wala hauwekwi chini ya moto. Aliomba maji ya sabuni, akayapaka kwenye mpira na kila maungo, kisha akafungua gesi kidogo. Povu likitokota, gesi inavuja. Ukiona hivyo unafunga mtungi na kumwita fundi. Usitafute gesi kwa kiberiti, alisema, maana utaipata.

Akawaambia wafungue kifuniko kabla ya kuwasha, gesi isijikusanye ndani. Wakimaliza kuchoma, waache moto uwake dakika chache, wazime, halafu wasugue wavu kabla haujapoa kabisa. Gesi ifungwe kwenye mtungi kila mara. Sinia la mafuta limwagwe na kuoshwa likishapoa. Turubai livishwe jiko baridi tu, kwa sababu vumbi la Garissa halibagui jiko la bei.

"Na nundu?" aliuliza Ogle. Hilo ndilo alilokuwa akingoja.

Tiya alisema nundu ikatwe vipande vyembamba. Iwekwe upande ambao bomba lake limezimwa, ipate joto bila kudondokea moto. Ikishika moto, ifungwe gesi, na asimwage maji. Aliongeza kwamba moshi kidogo wa mafuta hautakosekana. Ayan akae upande unakotoka upepo, na dawa yake ya kuvuta iwe karibu, kama daktari alivyomwambia.

Ogle mwenyewe ndiye aliyepiga simu Balambala. Hakutaja mitihani. Alisema tu, "Njoo, mwanangu. Makaa nimeyatoa nyumbani."

Ayan alikuja Jumamosi hiyo. Alisimama langoni kwanza, kwa mazoea, akanusa hewa. Kisha akaingia.

Tangu siku hiyo imepita miaka miwili. Jiko hutumika mara nne kwa wiki. Mabomba ni yale yale. Mpira umebadilishwa mara moja, Tiya alipoona umeanza kupasuka. Ogle husafisha sinia mwenyewe, na hakuna anayeruhusiwa kuligusa, hata mkewe, ambaye hajawahi kuomba.

Jumamosi iliyopita Ayan alifika amechoka. Alikula mbavu mbili, akanywa chai, akajilaza mkekani, hatua chache tu kutoka kwa baba yake. Usingizi ukamchukua. Jirani yao, Salat, aliingia akisalimia kwa sauti kubwa kama kawaida yake, akauliza mbona mzee ameacha nyama akakaa kimya.

Ogle aliinua koleo la nyama akamwashiria anyamaze. Alikuwa ameinamisha kichwa upande wa binti yake, anasikiliza kifua kinavyopanda na kushuka, bila mluzi hata kidogo.

"Taratibu, Salat," alinong'ona. "Mtoto amelala."